Msonyo wa Mama

Nimefundisha Kiswahili katika shule ya upili hapa Kwa Vonza kwa muda mrefu sasa, na kila mwaka husimama mbele ya kidato cha kwanza nikawaambia kwamba irabu ni sauti ambazo hewa hupita kinywani bila kuzuiwa, na konsonanti ni zile ambazo hewa huzuiwa njiani. Wao huandika. Mimi huwa tayari nawaza chai ya saa nne. Haikunijia hata siku moja kwamba ningekuja kuketi kwenye kiti cha plastiki, tumbo limenitangulia mbele, nimeshika mkono wa mama yangu namwomba Mungu anipe konsonanti moja. Moja tu, yoyote ile. Hata q ningeipokea, ingawa Kiswahili hakina kazi nayo.

Mama alikuwa mtu wa kusema. Pale soko la Tawa, kwetu Makueni, aliuza ndengu na kunde, na mteja aliyekuja kununua ndengu aliondoka na ndengu, ushauri wa ndoa, na habari za fundi wa paa asiyekula pesa ya watu. Sauti yake ilifika mahali kabla yake. Nilipokuwa shuleni Tawa, nilijua amefunga meza kwa sababu upepo ulibadilika. Halafu asubuhi moja akapatwa na kiharusi akiwa jikoni, upande wa kulia wote ukalegea, na alipofungua mdomo kumwita jirani ikatoka sauti tupu, ndefu, kama mtu anayeimba bila maneno.

Mume wangu ndiye aliyesema aletwe kwetu, karibu na hospitali ya Kitui. Hilo si jambo dogo. Kwetu Ukambani kuna heshima tunayoiita nthoni, na nthoni kubwa kuliko zote ni ya mtu na mama mkwe wake. Hawaketi meza moja, hawataniani, hawatazamani usoni, na jina la mama mkwe mtu halitaji hata ukimwekea kisu shingoni. Kwa hiyo mume wangu, ambaye ni mfanyabiashara wa mbuzi na ni mtu mpole mpaka naudhika, alitoa magunia yote stoo, akapaka chokaa, akatoboa mlango wa pekee unaotazama uani, akaweka dirisha. Mama akalala huko. Nyumba yetu na chumba chake viligawana ukuta mmoja, na nthoni ikakaa pale ukutani kama askari.

Mama alielewa kila kitu. Hilo lilionekana machoni. Lakini konsonanti zote zilikuwa zimeanguka mahali fulani, zikabaki irabu. Nami, mwalimu, nikagundua mambo ambayo sikuwahi kuyafikiria. Kwanza, kwamba ukiondoa konsonanti kwenye maneno ya mtu, hasira yake inabaki, furaha inabaki, swali linabaki, kinachopotea ni habari yenyewe. Mama aliweza kuniuliza kitu, akanigombeza kwa kutojibu, akanisamehe, na nisijue tulikuwa tunaongea juu ya uji au juu ya serikali. Pili, kwamba Kikamba kimejaa irabu kupita kiasi, na kwa bahati nzuri, au mbaya, ndiyo yetu ni "ii" na hapana yetu ni "aiee". Hazina konsonanti hata moja. Basi Mama, mgonjwa, kitandani, bila herufi, akaendelea kutawala nyumba. Nikimletea uji wa wimbi, "aiee". Nikimletea uji wa mahindi, "aiee". Nikikaa chini kulia, "ii, ii", yaani lia mwanangu, ukimaliza kalete chai.

Mtoto akazaliwa kwa upasuaji, msichana. Binti yetu wa kwanza tulikuwa tumempa jina la mama wa mume wangu, kama ilivyo desturi, na huyu wa pili alikuwa wa mama yangu. Jina lilijulikana tangu zamani. Tatizo lilikuwa ni nani wa kulisema. Wakamba wa kale walisema mtoto ambaye hajaitwa jina na wanawake wazee bado hajawa wetu, ni kiimu, kitu cha upande ule mwingine. Siku hizi tunaokoka na kuimba kwaya, hatusemi maneno hayo kwa sauti, lakini jina bado halijiingizi lenyewe. Na hili jina mimi siwezi kulitaja, ni la mzazi wangu. Baba wa mtoto ndiye kabisa, angeona afadhali atembee uchi katikati ya mnada wa mbuzi. Majirani wa Kwa Vonza hawakulijua hata, kwa kuwa walimwita Mama Mwalimu, kwa ajili yangu. Ndiyo maana hata hapa sitaliandika. Nitasema tu kwamba linaanza kwa kufunga midomo, na kuelekea mwisho ulimi unachungulia katikati ya meno.

Nikaamua kwamba jina lile atalisema Mama mwenyewe, kwa mdomo wake, au halitasemwa. Nilijua ninachofanya. Nikikubali mtu mwingine aliseme, nitakuwa nimekubali kwamba sauti ya Mama hairudi, na mimi sikuwa tayari kukubali hivyo. Pasta alikuwa ametangaza Jumapili ya kuwaweka watoto wakfu. Nikampa Mama mpaka siku ile. Sikumwambia yeye, nilimwambia Mungu, lakini Mama alikuwa akinitazama ninavyomkunja mtoto kwenye shuka bila kumwita chochote, na Mama si mjinga.

Wiki zilizofuata mama yangu na binti yangu walilala kwenye mkeka mmoja kivulini na kuongea. Mtoto akisema "aaa", Mama anajibu "eee?", mtoto "ooo", Mama anatikisa kichwa kama mtu aliyesikia habari nzito za ukoo. Niliwatazama nikacheka mpaka mshono ukaniuma. Nilikuwa nimezaa mtu wa kulingana na mama yangu.

Kisha akaja shangazi yangu, dada ya marehemu baba, ambaye ana kibanda cha machungwa pale Salama barabarani na amezoea kuita madereva wa malori kwa sauti. Alikuja na gunia la machungwa na mipango yake. Akaketi chumbani kwa Mama, akamtwaa mtoto, akamwinua juu.

"Hatuwezi kukaa na mtoto bila jina kama kuku," akasema. "Mtu wa jina ni mgonjwa, sawa, tunamheshimu. Lakini mimi naye tumejuana tangu akiwa msichana, jina lake nalijua. Nitaliita mimi leo, tuombe, tule, mambo yaishe."

Akafungua mdomo. Na kutoka kitandani, kabla hajatoa herufi ya kwanza, ikaja sauti ambayo sikuwa nimeisikia kinywani mwa mama yangu maisha yangu yote. Msonyo. Mrefu, wa mate na meno, ulioanza mbele ya kinywa, ukavutwa taratibu mpaka ndani ya shavu, ukakatwa mwishoni kama kamba.

Mtu asiyejua atasema ni utovu wa adabu tu. Lakini mimi nilikuwa nimefundisha somo lile kila mwaka. Ulimi umegusa meno. Hewa imezuiwa. Hiyo ilikuwa konsonanti.

Na huyu aliyeitoa ni mwanamke ambaye nikiwa mdogo alinipiga mwiko mgongoni kwa msonyo mmoja mfupi, akaniambia mtoto wa watu wa kanisa hasonyi. Nikapiga magoti kando ya kitanda.

"Mwaitu," nikamwambia, yaani mama yangu, "sonya tena."

Akasonya tena. Nikalia, nikacheka, nikamshika shangazi mabega nikamtikisa. "Umesikia? Umemsikia?"

"Nimesikia sana," shangazi akasema, amekasirika mpaka kilemba kimepinda. "Amenisonya mara mbili na wewe umemwomba ya pili."

Mtaalamu wa matamshi pale hospitalini, msichana mmoja mchangamfu ambaye alimwita Mama "Susu", yaani bibi, alifurahi nusura aruke. Akatueleza kwamba maneno tunayoyapanga yana njia yao kichwani, na yale yanayotoka yenyewe, kama hasira, salamu, nyimbo, kumfukuza kuku, mara nyingi hupita njia nyingine. Njia ya Mama ya kupanga ilikuwa imefungwa. Ile nyingine ilikuwa na mwanya.

"Kwa hivyo mnaweza kumkasirisha kidogo," akasema. "Lakini kidogo, Mwalimu. Tusipandishe presha."

Basi tukaanza kumpimia Mama hasira kama tunavyompimia chumvi. Sikuwahi kuwa na kazi tamu hivi. Niliimba pambio nikiharibu sauti makusudi. Nilisonga ugali ukabaki na madonge nikamletea huku natabasamu. Nilianika ndengu kwenye gunia mbele ya mlango wake na kumwacha jogoo azimalize, nami nimejificha nyuma ya tangi la maji, nimeziba mdomo kwa leso. Alivumilia jogoo yule kwa muda, akasonya, akasonya tena, kisha kitu kikakwaruza kooni mwake, "k, k," na mara ikatoka nzima, "Nguku!" Kuku. Jogoo mwenyewe alishtuka. Nilitoka nyuma ya tangi nikamkumbatia Mama, naye akanisukuma kwa mkono mzima, akaelekeza kidole kwenye ndengu ambazo bado zilikuwa zinaliwa.

Lakini bingwa alikuwa mume wangu. Huyu mpole. Hakuweza kumtania mama mkwe, hilo haliwezekani, kwa hiyo alileta mbuzi. Jioni, akitoka mnadani, alimfunga beberu mmoja karibu na dirisha la stoo, akageuza mgongo kwenye dirisha kwa heshima zote, akaanza kuzungumza na mbuzi.

"Wewe mbuzi," anasema kwa sauti ya kutosha, "umesikia watu wa Makueni wanasema embe ni yao? Embe gani? Ile yenye nyuzi? Mimi nimeona mtu wa Makueni akila embe, alimaliza wiki akichokoa meno."

Ndani kitanda kikalia. Kisha msonyo.

"Mbuzi, hebu niambie. Ndengu ya Kitui na ndengu ya Tawa, wewe ungekula gani? Usione haya. Tawa wanauza mawe, si ndio?"

Ndani ya stoo kulisikika mtu akijaribu kuinuka. "T, t, t," ikaja kutoka dirishani, kavu, kama mlango unaogongwa. Mume wangu alisimama pale, mgongo umegeuka, mabega yanatikisika kwa kicheko alichokimeza, na mbuzi anamtazama. Mimi nilikuwa jikoni nimekaa sakafuni. Nilimpenda mume wangu siku ile kuliko siku ya harusi, na hilo nalisema wazi.

Ikawa hivyo. T ilikuja kwa ajili ya ndengu za Tawa. N ikaja siku niliyomvalisha gauni kinyume. Binti yetu mkubwa, ambaye alikuwa ndio kwanza anaanza chekechea, alikaa naye akamfundisha "Susu, Susu, Susu", naye Mama akampa s zake moja moja. Kwa kubadilishana akajifunza msonyo, na mwalimu wake wa chekechea akanipigia simu. Nilimwambia ni matibabu. Hata ile ya ulimi katikati ya meno ikaja, akiwa anaomba kabla ya chakula, ikamshangaza yeye mwenyewe akasahau kuimaliza sala.

Iliyokataa ni moja, ya midomo. Upande wa kulia wa mdomo wake ulikuwa mlegevu bado, na kila alipojaribu kuifunga midomo, hewa ilitoroka pembeni. M haikuja. B haikuja. Mtaalamu akamfundisha kuibana kwa vidole vya mkono wa kushoto, na hata hivyo ikatoka "fff", kama gurudumu la baiskeli. Na jina lake linaanza pale pale. Alikuwa na sauti zote za ndani ya jina, alikosa mlango wa kuingilia.

Hatukumkasirisha tena wiki ile ya mwisho. Nilikuwa nimechoka, na niliona na yeye amechoka. Jumamosi shangazi akafika kutoka Salama na kofia mpya na machungwa mengine, akaniambia polepole, bila ugomvi wowote, "Mtoto wangu, kesho akishindwa, mimi nitakuwa hapo karibu." Nikamwambia sawa. Kisha nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Kanisani tulisimama mbele, mimi na mtoto, Mama kwenye kiti cha magurudumu, shangazi na kofia yake. Mume wangu alikwenda upande wa wanaume, mbali, kwa sababu alijua jina gani linakuja. Pasta akamaliza watoto wengine wote, akafika kwetu. Nilikuwa nimemweleza mapema, kwa hiyo hakuniuliza mimi. Akainama, akashusha kipaza sauti mpaka mdomoni mwa mama yangu.

"Na huyu wetu, Mama, anaitwa nani?"

Mama akainua mkono wa kushoto, akabana midomo kwa vidole. "Fff," zikasema spika za kanisa. Akajaribu tena. "Fff." Akina mama wa nyuma wakaanza kuimba pambio chini chini, kama wanavyofanya mtu akikwama kwenye ushuhuda. Mama akatazama mtoto, akanitazama mimi. Nilitamani kumwambia basi, inatosha, Mwaitu, umefanya vizuri, lakini nilimpandisha tu mtoto begani. Nami pia nilikuwa nimekwama.

Shangazi akasogea kwenye kipaza sauti. "Wacha nisaidie," akasema.

Msonyo uliotoka pale, mbele za watu wa Mungu, kupitia spika nne na ile kubwa iliyofungwa nje kwenye mti, ulikuwa wa ajabu. Ulifika barabarani. Ulifika, waliniambia baadaye, mpaka kwa watu wa mboga, na mmoja aliuliza leo kanisani wanahubiri nini. Pambio likakatika. Pasta akabaki ameinama vile vile, kipaza sauti mkononi, uso mtupu. Na katika kimya kile, kutoka kiti cha mbele, binti yetu mkubwa akamjibu Susu wake kwa msonyo wa kwake, mdogo, safi, wa mwanafunzi hodari.

Kanisa likaangua kicheko. Mzee wa kanisa alicheka mpaka akavua miwani. Shangazi mwenyewe, baada ya kutafakari kama akasirike, alishika kofia na kucheka. Nami nikamtazama Mama, nikaona kitu. Mama alikuwa anacheka, lakini ni mwanamke aliyelelewa kwamba kanisani hakuchekwi, na hata baada ya yote yaliyompata, hilo halikuwa limemtoka. Alikuwa anajizuia. Alikuwa amebana midomo, yote miwili, kulia na kushoto, kwa nguvu, bila vidole, mashavu yamejaa, machozi yanamtiririka, na nyuma ya midomo ile kicheko kilikuwa kinagonga kitoke.

"Mmmm," zikasema spika.

Hewa imezuiwa. Nilimwona akijisikia. Macho yake yakafunguka, yakanigeukia, na nikaona amejua kile ambacho mimi nimejua. Hakuiachia. Aliishikilia ile m kama mtu aliyeshika mbuzi pembe, kisha akaifungua, na jina likatoka lote nyuma yake, polepole, kila konsonanti mahali pake, mpaka ulimi ukachungulia katikati ya meno na kurudi ndani.

Sikuwahi kumsikia mama yangu akisema jina lake. Fikiria hilo. Tangu nizaliwe yeye aliitwa mama wa fulani, yaani mimi, kila mahali, sokoni, kanisani, hospitalini. Jina lake lilikuwa limekaa kimya miaka yote hiyo, na sasa lilikuwa limetoka kwa spika, na Pasta akalirudia, na kanisa zima likalirudia, na upande wa wanaume mume wangu ameinamisha kichwa mpaka magotini kwa nthoni, mikono masikioni, akicheka.

Mama hakupona kabisa. Kuna maneno ambayo bado anayatafuta, na siku akiwa amechoka anarudi kwenye irabu zake, nasi tunamwelewa. Shangazi alimsamehe kwa sharti kwamba asisonywe tena mbele ya kipaza sauti. Mimi huwaambia kidato cha kwanza wajizuie kucheka, wabane midomo kabisa, halafu waachie, na darasa lote linapiga m moja kubwa inayomleta mwalimu mkuu dirishani.

Mtoto sasa anakimbia. Mimi simwiti jina lake, ninamwita Mama, na baba yake vile vile anamwita Mama, kwa woga zaidi, na dada yake ametuiga. Shuleni bado hajaenda. Kwa hiyo katika boma letu jina lile lina mtu mmoja tu wa kulisema. Jioni, wakati wa kuosha miguu, mama yangu husogeza kiti mpaka mlangoni mwa stoo, anabana midomo, anakusanya pumzi, na kuita jina lake mwenyewe kwa sauti ya soko la Tawa. Halafu anangoja. Na kutoka nyuma ya tangi la maji, kwenye matope, kuna mtu anaitika, "Ii."